Kuzungumza Mbele ya Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mafunzo na Kocha Binafsi

Haya ndiyo maswali ambayo watu huniuliza kabla ya kujiunga na darasa, au hunivuta pembeni kuniuliza darasa likiisha, sauti ikiwa chini kana kwamba wanaungama kosa. Majibu hayalingani kwa urefu. Mengine nimeyamaliza kwa sentensi mbili kwa sababu hayahitaji zaidi.

Je, mafunzo yataniondolea hofu kabisa?

Hapana. Mtu akikuahidi hivyo, funga mfuko wako. Mimi kazi yangu ni kufundisha watu kuzungumza, na bado viganja hunilowa kila ninapoitwa mbele. Asiyezoea huihisi hofu, akaisikiliza inavyomwambia "huwezi", akaiamini. Aliyezoea huihisi hofu ileile, akaitambua kuwa ni yule mgeni wa siku zote, akafungua mdomo hivyo hivyo. Baada ya dakika moja au mbili inaanza kushuka bila kufukuzwa.

Ndiyo maana somo la kwanza silitumii kuwaambia watu "jiamini". Sijaona mtu aliyejiamini kwa kuamriwa. Mtu hujiamini baada ya kusimama mara ya kwanza akatetemeka, mara ya tatu akatetemeka kidogo, mara ya saba akashtukia yuko katikati ya hotuba na amesahau kutetemeka. Mafunzo yanakupa hizo mara saba, mahali ambapo ukikosea hupotezi kazi wala heshima.

Kwa nini moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka na sauti inakuwa nyembamba?

Mwili umeona macho mengi yanakutazama ukadhani kuna hatari. Homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu. Moyo unaongeza kasi ili misuli mikubwa ipate damu ya kutosha kukimbia au kupigana. Wewe hukimbii wala hupigani, umesimama tu, kwa hiyo misuli iliyojiandaa bure inatetemeka. Kumeng'enya chakula kunaahirishwa, na mate yanapungua. Pumzi nayo inapanda kifuani, inakuwa fupi, na shingo inakaza. Sauti inayotoka kwenye koo lililokazwa, kwa pumzi isiyotosha, lazima iwe nyembamba.

Ukijua hivyo, unajua pa kuanzia: pumzi. Vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita au nane. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo, na unaweza kufanya hivyo umekaa kwenye kiti bila mtu kutambua. Kabla ya hapo, ukipata nafasi, tembea. Panda ngazi, zunguka jengo. Ile nguvu iliyotolewa kwa ajili ya kukimbia ipe miguu kazi.

Jambo la tatu linashangaza watu. Mwaka 2014, Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha majaribio ambamo watu waliokuwa karibu kutoa hotuba waliambiwa watamke sentensi moja tu. Baadhi walisema wametulia, wengine walisema wana hamu na msisimko. Waliosema wana hamu walionekana na wasikilizaji kuwa na ushawishi na uhakika zaidi. Maelezo yake ni rahisi: hofu na hamu zote huja na moyo unaodunda, kwa hiyo kutoka moja kwenda nyingine ni hatua fupi. Kutoka hofu hadi utulivu ni safari ndefu, na huna muda wa safari ukiwa umeshaitwa jina.

Watu wataona ninavyotetemeka?

Wataona kidogo sana kuliko unavyodhani. Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2003: wazungumzaji walijikadiria kuwa na wasiwasi unaoonekana kuliko wasikilizaji walivyouona. Kilichonifurahisha zaidi ni sehemu ya pili. Walioelezwa kabla ya hotuba kwamba wasiwasi wao hauonekani kama wanavyofikiri, walizungumza vizuri zaidi. Kujua tu kulisaidia. Sasa na wewe umejua.

Darasani nalithibitisha kwa simu. Mtu akishuka jukwaani akiapa kwamba magoti yalikuwa yanagongana, tunamwonyesha video yake. Anatafuta magoti yanayogongana hayaoni.

Kuzungumza si kipaji cha kuzaliwa?

Kuna waliozaliwa na sauti nzuri, kama walivyo waliozaliwa warefu. Lakini hebu tuwatazame wale wanaotajwa kama mifano.

Demosthenes wa Athens, mhutubiaji wa Ugiriki ya kale aliyeishi kati ya 384 na 322 KK, alichekwa mara ya kwanza alipohutubia mkutano. Plutarch, aliyeandika maisha yake karne kadhaa baadaye, anasema alikuwa na sauti dhaifu, matamshi yasiyo wazi na pumzi fupi. Watu wengi wanajua habari ya kokoto alizoweka mdomoni akifanya mazoezi. Wachache wanajua kwamba alinyoa upande mmoja wa kichwa ili aone haya kutoka nje, akabaki kwenye chumba chake cha chini ya ardhi akifanya mazoezi kwa miezi. Na wachache zaidi wanajua kilichotangulia: mwigizaji aitwaye Satyrus alimwomba aseme beti za tamthilia, kisha akazirudia yeye mwenyewe kwa namna iliyofaa. Demosthenes akaona beti zilezile zimekuwa kitu kingine. Kwa maneno mengine, alikuwa na kocha.

Martin Luther King Jr., mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, akiwa mwanafunzi wa seminari ya Crozer huko Marekani, alipata alama ya C katika somo la kuhutubia. Hilo huwa nalisema kwa wale wanaokuja na maneno ya mwalimu fulani wa zamani aliyewaambia hawafai.

Darasa la pamoja na kocha binafsi vinatofautianaje? Nichague kipi?

Darasa linakupa kitu ambacho kocha peke yake hawezi kukupa: watu. Huwezi kuzoea hadhira bila hadhira. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaitarajii, nayo ni kuwatazama wenzako. Ukimwona mwenzako anasoma karatasi mpaka mwisho bila kuinua macho, unaelewa kwa dakika tatu jambo ambalo ningekueleza kwa saa nzima. Na ukitakiwa kumpa mrejesho, unajifunza kusikiliza kama fundi.

Upungufu wa darasa ni muda. Mkiwa kumi na wawili, katika saa mbili utasimama dakika chache tu. Mkufunzi atakurekebisha jambo moja, atakwenda kwa mwingine.

Kocha binafsi anashughulika na wewe tu. Kama tatizo lako ni kwamba unameza silabi za mwisho, au unatabasamu ukitoa habari mbaya, au hoja yako kuu inatokea dakika ya kumi na mbili, atalifuatilia mpaka liishe. Anafaa pia pale ambapo unalo tukio maalumu: usaili wa kazi kubwa, utetezi wa tasnifu, hotuba kwa wanahisa, mdahalo. Na wapo watu wenye vyeo ambao hawataki kukosea mbele ya walio chini yao. Nawaelewa, ingawa huwa nawasihi baadaye waje darasani.

Ukiniuliza mimi: anza na darasa. Kaa miezi miwili. Ukiona kuna kitu kimoja kinarudi kila mara na kila mtu anakutajia hicho hicho, hapo ndipo mtafute kocha, umpelekee tatizo lenye jina. Anayekuja kwa kocha akisema "nataka kuwa mzungumzaji mzuri" hutumia vikao viwili vya kwanza kutafuta maana ya maneno hayo.

Kikao cha kwanza na kocha kinakuwaje?

Mimi husikiliza. Nitakuomba uzungumze dakika tatu kuhusu kitu unachokijua vizuri, kisha dakika tatu kuhusu kitu cha kazini. Mara nyingi watu wawili tofauti husimama mbele yangu. Wa kwanza anasimulia jinsi alivyomfundisha mwanawe baiskeli, mikono inaruka, macho yanawaka. Wa pili anaanza na "kama mnavyofahamu, dhumuni la wasilisho hili" na uso unafungwa kama mlango. Sehemu kubwa ya kazi yetu itakuwa kumpeleka yule wa kwanza ofisini.

Tunarekodi, na tunatazama rekodi mara tatu. Mara ya kwanza bila sauti, tuone mwili unasema nini. Mara ya pili bila picha, tusikie sauti tu. Mara ya tatu vyote pamoja. Halafu tunachagua jambo moja. Moja tu. Ukitoka kikaoni na orodha ya makosa kumi na saba, utasimama mara nyingine ukiwa na hofu kumi na saba.

Nitamtambuaje kocha mzuri?

Msikilize anavyotoa mrejesho. Kocha dhaifu atakuambia "changamka zaidi" au "uwe na mvuto". Maneno hayo hayana mpini wa kushika. Kocha anayejua kazi atasema: "Kila ulipofikia takwimu ulitazama chini na sauti ikashuka, kwa hiyo nilidhani huziamini." Hapo una kitu cha kufanya kesho.

Mwogope kocha ambaye wanafunzi wake wote wanazungumza kama yeye, mpaka pozi na kikohozi. Mwogope pia anayezungumza zaidi yako katika kikao chako. Kabla hujajiunga, mwombe akutazame dakika tano na akuambie jambo moja la kurekebisha. Akikataa, au akikupa hotuba kuhusu mafanikio yake, umeshapata jibu.

Jambo la mwisho: ajue kazi yake inaishia wapi. Kama hofu yako imekufanya uache masomo, ukatae kupandishwa cheo, ukwepe hata kuagiza kitu kwa simu, na hali hiyo imeendelea kwa miezi, huenda ni tatizo la wasiwasi wa kijamii linalohitaji mtaalamu wa afya ya akili. Lina tiba, na tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia imeonyesha matokeo mazuri. Kocha mwaminifu atakuelekeza huko kabla ya kuchukua fedha yako.

Itachukua muda gani?

Inategemea unasimama mara ngapi, wala si miezi mingapi imepita. Mtu anayezungumza mbele ya wenzake kila wiki atanizidi mimi niliyemfundisha kama mimi nazungumza mara mbili kwa mwaka. Baadhi ya mambo hubadilika haraka: kufungua hotuba vizuri, kupunguza kasi, kuinua macho. Wiki chache zinatosha. Kujua hadhira imechoka kabla haijaanza kupiga miayo, na kukata sehemu nzima papo hapo bila kuyumba, ni kazi ya miaka.

Mfano ninaoupenda ni wa Mfalme George VI wa Uingereza, aliyekuwa na kigugumizi. Alianza kufanya mazoezi na Lionel Logue, Mwaustralia asiyekuwa daktari, Oktoba 1926, akiwa bado Duke wa York, kabla hajawa mfalme. Tarehe 3 Septemba 1939, alipowatangazia watu wake kwa redio habari ya vita, Logue alikuwa naye chumbani. Miaka karibu kumi na mitatu, na bado mwanafunzi alimtaka mwalimu wake karibu.

Nina kigugumizi. Je, nafaa kujiunga?

Karibu sana. Kwa kigugumizi chenyewe, mtafute mtaalamu wa tiba ya usemi, kwa sababu hiyo ni taaluma yake. Mengine yote, yaani mpangilio wa hoja, macho, kunyamaza mahali pake, tutayafanya pamoja. Wengi huona nafuu wakiwaambia wasikilizaji mapema: "Nina kigugumizi, mtanivumilia maneno yakikwama." Nguvu uliyokuwa ukiitumia kukificha inarudi kwenye hotuba.

Nikariri hotuba yote, niisome, au niseme tu yaliyo kichwani?

Hotuba yangu ya kwanza niliikariri neno kwa neno. Nilikuwa kijana, ukumbi ulijaa, nikaanza vizuri. Katikati mtu akaangusha kiti. Sentensi moja ikaponyoka, na kwa kuwa kila sentensi ilikuwa imeshikilia inayofuata kama shanga kwenye uzi, zote zikamwagika. Nikarudia aya ya pili kutoka mwanzo. Kisha nikairudia tena. Nilishuka wakati watu wananipigia makofi ya huruma, ambayo ni makofi mabaya kuliko yote.

Tangu siku hiyo hukariri vitu viwili: sentensi za mwanzo na sentensi ya mwisho. Mwanzo, kwa sababu ndipo hofu iko juu na akili haipatikani. Mwisho, ili nijue pa kutua. Katikati nina dondoo, maneno matano au sita kwenye kadi moja, kila moja likifungua hoja ninayoijua kwa undani. Maneno yenyewe yatakuja, na yatakuja tofauti kila mara.

Kusoma kuna mahali pake. Tamko la kisheria, taarifa ya msiba, jambo ambalo neno moja likikosewa litaleta mgogoro: soma, tena soma vizuri, ukiinua macho mwisho wa kila sentensi.

Na wale wanaosema "mimi nikifika pale maneno yatakuja tu", nawakumbusha Agosti 28, 1963, Washington, siku ya hotuba ya "Nina ndoto". Martin Luther King Jr. alikuwa anafuata maandishi yake, mwimbaji Mahalia Jackson akapaza sauti akimtaka awaeleze ile ndoto, naye akayaacha maandishi. Sehemu inayokumbukwa zaidi haikuwa kwenye karatasi. Lakini alikuwa ameshaitumia ile picha ya ndoto katika hotuba zake nyingine kabla ya siku hiyo. Aliacha karatasi akaingia kwenye kitu alichokuwa amekizoea mdomoni.

Kila sentensi yangu ina "yaani", "kwa hiyo", "nanihii". Nitaachaje?

Maneno hayo hutokea pale ambapo mdomo uko wazi na akili bado inatafuta. Hatuna haja ya kuyapiga marufuku. Tunaifundisha akili itafute mdomo ukiwa umefungwa.

Zoezi lake linachekesha. Zungumza dakika moja kuhusu chochote, mfagio, mvua, kaka yako. Mwenzako akae na kijiko, na kila ukisema neno la kujazia apige meza. Mara ya kwanza itakuwa kama ngoma. Mara ya nne utaanza kulisikia neno kabla halijatoka, na hapo utanyamaza. Kimya hicho kitakuwa cha sekunde mbili ingawa wewe utaapa kilikuwa cha kumi. Wasikilizaji wanakipenda: wanapata nafasi ya kumeza ulichosema.

Usiyamalize yote lakini. Mtu asiye na "yaani" hata moja husikika kama tangazo lililorekodiwa.

Nizungumze kwa kasi gani?

Vitabu vingi vitakuambia maneno 130 hadi 150 kwa dakika. Hesabu hiyo ni ya Kiingereza, na ukiichukua kama ilivyo utawakimbiza watu. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja: "hawakutuambia" ni neno moja kwetu, na Kiingereza hulitaka maneno matano. Pima mwenyewe. Jirekodi dakika moja ukizungumza na rafiki kwa utulivu, andika ulichosema, hesabu maneno. Hiyo ndiyo kasi yako. Jukwaani utaongeza bila kujua, kwa hiyo hotuba ya dakika kumi iandike ya dakika nane.

Zaidi ya kasi yenyewe, nasisitiza mabadiliko yake. Simulizi inaweza kwenda haraka. Namba, jina geni, na ile hoja moja unayotaka waondoke nayo, zipe nafasi.

Mikono niiweke wapi?

Iache ining'inie mpaka iwe na la kusema. Usiifunge kifuani, usiifiche mfukoni na funguo.

Ni kweli kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, na maneno ni asilimia 7 tu?

Si kweli, na wakufunzi wengi wanaendelea kuifundisha. Takwimu hizo zinatokana na majaribio mawili ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967. Aliwapa watu neno moja moja lililotamkwa kwa sauti mbalimbali, au likiambatana na picha za nyuso, akawauliza msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Yaani alipima hisia, hasa pale ambapo neno na sauti vinapingana. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu zake hazihusu mawasiliano yote. Kama maneno yangekuwa asilimia 7 tu, ungeweza kutazama hotuba ya lugha usiyoijua ukaelewa karibu yote.

Na kusimama kama shujaa, mikono kiunoni, kabla ya kuingia?

Utafiti wa mwaka 2010 ulidai kwamba mkao huo hubadilisha homoni. Mwaka 2015 watafiti wengine waliurudia kwa watu wengi zaidi, mabadiliko ya homoni hawakuyaona, na mwaka uliofuata Dana Carney, mmoja wa waandishi wa ule wa kwanza, akasema hadharani kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo. Ukijisikia vizuri ukisimama hivyo chooni, simama. Usilipie semina.

Sauti yangu ni ndogo. Na nikijisikia kwenye rekodi inanichukiza.

La pili kwanza, maana kila mtu analo. Unapozungumza unajisikia kwa njia mbili, kupitia hewa na kupitia mifupa ya fuvu, na mifupa huongeza uzito wa sauti. Rekodi inakupa ya hewa tu. Hiyo unayoichukia ndiyo ambayo rafiki zako wameisikia miaka yote na bado wanakupigia simu.

Sauti ndogo mara nyingi ni pumzi ndogo. Lala chali, weka kitabu tumboni, pumua mpaka kitabu kipande na kushuka huku kifua kimetulia. Hapo umekipata kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu. Kisha simama, utafute pumzi ileile. Chagua mtu wa safu ya mwisho, umwambie yeye. Usipige kelele, mpelekee. Na maji uyanywe saa moja au mbili kabla: maji hupita kwenye umio, hayagusi nyuzi za sauti, kwa hiyo ile glasi ya dakika ya mwisho inalowesha mdomo tu.

Nikisahau katikati nifanyeje?

Nyamaza, tazama kadi, endelea na dondoo linalofuata. Hakuna mwenye nakala ya hotuba yako isipokuwa wewe. Usiseme "samahani, nimesahau", utakuwa umewaonyesha shimo ambalo hawakuliona. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ulimi ukijikwaa, songa.

Ninaogopa maswali kuliko hotuba yenyewe.

Kaa chini uandike maswali kumi unayoyaogopa, pamoja na lile unaloomba lisiulizwe. Lijibu hilo kwanza, kwa sauti, mbele ya mtu. Siku yenyewe, rudia swali kwa ufupi ili wote walisikie na wewe upate sekunde za kufikiri, toa jibu kwa sentensi moja, kisha maelezo. Usipojua, sema hujui na lini utaleta jibu. Na usimalizie hotuba kwa maswali. Pokea maswali, halafu rudi useme ile sentensi yako ya mwisho, vinginevyo atakayeamua hotuba yako inaishaje ni yule bwana aliyekuja kulalamika.

Kwenye mkutano wa mtandaoni mambo ni yaleyale?

Karibu. Kamera iwe usawa wa macho, mwanga utoke mbele yako, na utazame lenzi unaposema jambo zito, maana ukitazama nyuso kwenye kioo wao wanaona kope. Fupisha kila kitu.

Vipi kuhusu dawa za kutuliza moyo?

Zipo dawa ziitwazo beta-blockers, propranolol ikiwa mojawapo, zinazozuia kazi ya adrenalini kwenye moyo, na baadhi ya wanamuziki na wazungumzaji huandikiwa. Ni za daktari. Mwenye pumu zinaweza kumletea hatari kubwa. Kamwe usimeze ya rafiki. Na pombe "kidogo ya kutoa aibu" nimeona inavyoishia.

Sina uwezo wa kulipia mafunzo. Nifanyeje?

Tafuta klabu ya kufanyia mazoezi ya kuhutubia. Toastmasters, iliyoanzishwa na Ralph Smedley huko Santa Ana, California, Oktoba 1924, ina klabu katika nchi nyingi, na ada yake kwa kawaida ni ndogo ukilinganisha na kocha. Huko kuna mtu wa kushika saa, mtu wa kuhesabu "eeh" zako, na mtu wa kukutathmini kila unapohutubia. Kuna pia kipindi cha maswali ya kushtukiza, ambapo unapewa mada ukiwa umesimama na kuizungumzia dakika moja hadi mbili. Hicho peke yake kingetosha.

Kama hakuna klabu karibu, tafuta watu wanne. Kutaneni kila wiki, kila mmoja azungumze dakika tano, wengine wamwambie jambo moja lililofanya kazi na moja la kurekebisha. Rekodini kwa simu. Kwenye mikutano ya kawaida, jitolee: toa neno la shukrani, mtambulishe mgeni, soma taarifa. Nafasi hizo ndogo watu huzikimbia, na kwa hiyo hazina foleni.

Hotuba yangu ni kesho asubuhi na sijajiandaa. Nifanye nini usiku huu?

Funga slaidi. Andika sentensi moja: unataka waondoke wakijua nini au wakifanya nini? Ikikushinda kuiandika, hotuba haina shida ya uzungumzaji, haipo. Ukiipata, tafuta sababu tatu au kisa kimoja kinachoibeba, na ukate vingine vyote. Edward Everett, mhutubiaji mashuhuri wa Marekani, alizungumza kwa muda wa saa mbili pale Gettysburg Novemba 19, 1863. Rais Abraham Lincoln alimfuata kwa maneno yapatayo 270, dakika mbili hivi, na unajua ni ipi inayokumbukwa.

Kisha simama na uiseme kwa sauti, ukiwa na saa, mara tatu. Kuipitia kichwani kitandani hakuhesabiki. Kariri mwanzo na mwisho. Lala, kwa sababu usingizi hushikiza kumbukumbu kuliko saa mbili zaidi za kuhangaika. Asubuhi fika kabla ya watu, simama pale utakaposimama, na uviambie viti vitupu sentensi yako ya kwanza.